Kutoka Mkasi hadi Plasma

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya chuma nilifika na mkasi mfukoni. Msicheke, vijana. Nilikuwa mshonaji wa nguo pale Butembo, na atelier, karakana ya vyuma iliyokuwa nyuma ya soko, ilikuwa imeniagiza aproni za ngozi za wafanyakazi wake. Nilitandika ngozi juu ya meza yao, nikachora kwa chaki, nikaanza kukata. Mkuu wa atelier, Chef Kambale, alisimama kando yangu muda wote, akiutazama mkono wangu.

Nilipomaliza akaniuliza, "Mama Kavira, nani alikufundisha kukata hivi?"

"Mama yangu, Chef."

"Mais," akasema, yaani lakini, "uko unapoteza mukono yako mu manguo. Kuya kesho asubui, nitakuonesha kintu."

Wakati ule nguo za balo, yaani mitumba, zilikuwa zimejaa sokoni, na watu wa kushonewa walibaki maharusi na mapadri tu. Nikaenda. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, nami nikamwacha akohoe.

Hicho "kintu" kilikuwa mashine ya plasma. Patron, yaani mwenye atelier, alikuwa ameileta kutoka Dubai pamoja na mizigo yake ya biashara. Kompresa inasukuma hewa, umeme unaiwasha hewa hiyo mpaka inakuwa moto mwembamba, na moto unatokea kwenye tundu la buse, kichwa kidogo cha shaba kilicho mbele ya torche unayoshika mkononi. Kabla ya hapo watu walikata kwa gesi, wakaacha kingo zilizotafunwa kama muhogo ulioliwa na panya. Plasma ikishikwa na mtu mwenye subira inaacha ukingo safi. Ikishikwa na mwenye pupa ni kelele na moshi tu.

Chef hakunipa torche upesi. Alinipa chaki. Nilichora mistari mpaka nikaota mistari. Lakini hapo ndipo ushonaji uliponisaidia, kwa maana kwenye nguo tunaacha nafasi ya mshono, na kwenye chuma unaacha nafasi ya kile ambacho moto utakula. Moto unakula upana wake, hauombi ruhusa. Usipouhesabia, kipande kitatoka kidogo kuliko ulivyotaka, na chuma hakina pindo la kufumua.

Mstari ulionyooka hautoki kwenye ujasiri, unatoka kwenye kitu cha kuegemea. Sisi tulitumia cornière, kile chuma chenye umbo la pembe, tukakibana juu ya bamba na kuiburuza torche pembeni yake. Sasa, moto unatoka katikati ya buse, si ukingoni. Kwa hiyo cornière inakaa mbali kidogo na mstari, nusu ya upana wa buse. Nimewaona wanaume wazima wakiibana juu ya mstari wenyewe, halafu wanaushangaa mlango unapokataa kuingia kwenye fremu.

Kisha unapita bila moto kwanza. Unavuta torche toka mwanzo hadi mwisho ikiwa imezimwa, uone kama kiwiko kinafika na kama waya haushiki mguu wa meza. Ndipo unawasha, ukianzia ukingoni mwa bamba. Cheche zikimwagika chini na kulala nyuma kidogo, mwendo wako ni mzuri. Ukikawia, uchafu wa chuma kilichoyeyuka unaganda chini, tunauita bave, na unang'ang'ania kama ukoko wa bugali. Ukikimbia, cheche zinakurukia usoni, maana moto haujapenya.

Chef Kambale alikuwa na fundisho lake mwenyewe juu ya hayo yote. "Ule moto ni mukali, macho inadanganya," alizoea kuniambia. "Sikia sauti. Ikiimba, enda. Ikilia, kuko kintu." Na miwani ya giza ilikuwa amri kwake. Yeye alipokuwa kijana alichomea bila miwani, kwa sifa, na nadhani alijua mapema kuliko sisi kwamba sifa ile ingedai malipo.

Baadaye Patron akafungua atelier ya pili Beni na kututuma huko, Chef kama mkuu na mimi kama msaidizi wake. Mume wangu, ambaye sasa hakuwa anacheka, ndiye aliyebeba magodoro. Butembo ni baridi, na adui yetu huko alikuwa maji ndani ya hewa: kila asubuhi tulifungua kompresa kwa chini yateremke, la sivyo moto ungetema mate. Beni ni joto, na adui alikuwa jirani. Mashine ya plasma na kinu cha kusagia mihogo vilikula kwenye jenereta moja, groupe ya mwenye kiwanja. Kinu kikiwaka, umeme unashuka, na moto wetu unalegea katikati ya kazi. Tulipatana na akina mama wa kinu kwamba tukigonga chuma mara tatu, wasubiri. Walisubiri huku wakitutukana kwa Kinande, lugha ya kwetu, matusi ya upendo, nami nilikuwa nayarudisha na faida.

Ni huko Beni nilipogundua. Asubuhi moja Chef alikuwa anakata mguu wa portail, lango la chuma, akaanza kando kabisa ya chaki, pasipokuwa na mstari. Nikamshika mkono. Akazima torche, akasimama hivyo hivyo.

"Chef, hauone mustari?"

"Minaona kivuli tu," akasema. "Kavira, Patron akijua, atanirudisha kwetu Lubero. Na miye bila kazi niko nini?"

Alikuwa amefundisha nusu ya wachomeleaji wa mji ule, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Niliumia. Nilichukua cornière, nikapima nusu ya buse, nikabana, nikaweka mkono wake juu yake. Akakata, na ukingo ukatoka safi kabisa. Tangu siku hiyo tulifanya kazi hivyo: mimi macho, yeye mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulikata portail, matangi, mabenne, yaani makasha ya nyuma ya malori, na hakuna mteja aliyerudisha kitu.

Halafu akaja Hadji. Huyu alikuwa mzee mwenye malori, mtu wa maneno machache, na alitaka birika refu la kutawadhia msikitini kabla ya Ramadhani, ambayo ilikuwa karibu. Bamba lake lilikuwa la inox, chuma kisichoshika kutu, na lilikuwa moja tu. Lori lake lenyewe lililileta toka mpakani Kasindi. Kulikuwa na mkato mmoja wa urefu mzima. Ukipinda, kingo hazikutani, birika linavuja, na Ramadhani inafika bila birika. Patron alikuwa ameteremka toka Butembo siku hiyo, na Patron mbele ya mteja mkubwa alikuwa kama jogoo mbele ya kioo.

"Chef, leo toa ile cornière," akasema. "Onesha Hadji mukono yako. Hadji, huyu mutu anakata bila kuegemea kintu!"

Nikajitia katikati. "Patron, kompresa iko na maji, tungoje kwanza..."

"Maji gani, Mama? Nilikuona asubui ukiitoa."

Chef akanigusa bega. "Acha, Kavira." Akavua glavu zake, moja, kisha nyingine, akaziweka juu ya bamba. "Patron, macho yangu haiko inaona tena mustari. Huyu mama njo iko anaweka cornière, miye nakata. Ukinifukuza, unifukuze. Mais sitaharibu chuma ya Hadji juu ya heshima yangu."

Patron akamgeukia Chef. "Tangu lini?"

"Tangu tulifika hapa."

"Na mulinificha? Batu banatuletea mali yao, na mukataji iko kipofu?"

Ndipo Hadji akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Ile benne ya camion yangu, nani aliikata?"

"Siye babili," nikasema.

"Haijamwanga hata muchanga. Basi na hii mukate babili."

Patron akamnyooshea Chef kidole. "Sawa. Mais ikipinda, Chef, leo unapanda gari ya Lubero."

Nilibana cornière, na hakuna aliyethubutu kuniambia niitoe. Niligonga chuma mara tatu. Nilipita bila moto toka mwanzo hadi mwisho. Safari hii Chef alinipa torche mimi, akasema yeye atasikiliza, akasimama nyuma yangu na kichwa ameinamisha, kama padri anayesikiliza maungamo. Nikawasha. Moto ukaingia, cheche zikalala vizuri.

"Enda," alikuwa ananiambia. "Enda. Hapana kimbia. Enda."

Nilikuwa nimepita katikati aliposema kwa nguvu, "Tosha!" Niliachia kitufe kabla ya kufikiri. Hapo tu ndipo na mimi nilisikia: groupe ilikuwa inakohoa, na ng'ambo ya ukuta kinu kilikuwa kimeanza kuzunguka. Mama mmoja mgeni hakujua mambo ya kugonga mara tatu. Kama ningeendelea hata kidogo, moto ungelegea na kung'ata ukingo, na inox haisahau. Nilipiga kelele juu ya ukuta maneno ambayo sitayaandika, Hadji akiwepo. Kinu kikanyamaza. Nikarudi nyuma kidogo ndani ya njia iliyokwisha katwa, nikawasha hapo, nikaingia tena kwenye chuma kizima bila kusimama, mpaka mwisho. Kipande kikaanguka chini chote kwa pamoja.

Hadji akainama, akafunga jicho moja, akatazama ukingo kwa urefu. Alipoinuka alisema "Mashallah" tu. Birika lilipounganishwa na kujazwa maji, hata tone halikutoka, na lilikuwa msikitini kabla ya mwezi kuandama.

Patron hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kelele. Alimchukua Chef pembeni, lakini sauti yake haikujua pembeni ni wapi. "Chef, macho imeisha. Torche ni ya Mama. Mais ile masikio, nitaendelea kuilipa."

Basi Chef alibaki nasi miaka mingine, ameketi kwenye kiti karibu na kompresa, akigombeza kila aliyekata kwa pupa, mpaka miguu ilipokuwa mizito akarudi kwao Lubero. Mimi nilirudishwa Butembo nikawa chef d'atelier. Nimewafundisha wengi, wanawake wanne kati yao, na nimesikia wakijisifu kwamba wanakata kwa mkono mtupu. Hao nawapa chaki upya. Usione vyaelea, vimeundwa: mstari unaouona umenyooka, kuna mtu alipima, akabana, akapita bila moto kwanza. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Macho ninayo, na namshukuru aliyenilazimisha miwani. Naikumbuka kazi ile kila siku, hata harufu yake, na sioni haya kusema nimeilia.

Mkato wangu wa mwisho ulikuwa ukanda mwembamba wa chuma, mrefu kama mkono. Nilijiwekea kwa makusudi: nilitaka kumwonyesha Chef Kambale kwamba mshonaji wake amemaliza vizuri. Niliufunga kwenye kitenge, nikapanda gari la Lubero.

Nilimkuta ameketi mlangoni mwa jiko, anamenya viazi bila kuviangalia. Amezeeka sana. Nilimsalimu, nikamwekea ukanda mapajani. Aliweka kisu chini, akapitisha vidole toka mwanzo hadi mwisho, kisha akaugeuza kutafuta bave upande wa chini. Hakuipata. Uso wake wote ukafunguka.

"Kavira," akasema, "hii nilikata wapi? Butembo ao Beni?"

Nilikuwa nimesafiri njia nzima nikiyapanga maneno ya kumwambia ni wangu. Nikayaacha hapo mlangoni.

"Ni Beni, Chef."

"Wasingya," akanishukuru kwa Kinande, akiushika ukanda ule kifuani. Nami nikachukua kisu, nikaendelea na viazi vyake.