Chini ya Turubai la Magunia

Gunia la katani likilowa maji lina harufu yake. Si harufu mbaya, ni kama ya nyasi zilizokatwa zikaachwa zikavunda kidogo, na ndani yake kuna vumbi la mahindi. Wengi wa umri wangu huku Nakuru wakiisikia wanakumbuka mavuno. Mimi nikiisikia mikono inapata baridi. Meno yangu ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameota upya, tunakaa kwenye laini ya wafanyakazi katika shamba la mzungu upande wa Rongai, wakati ule wa Hali ya Hatari. Asubuhi moja baada ya mvua tulipangwa sote mbele ya zizi, akaletwa mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani mpaka magotini, limetobolewa matundu ya macho. Akakalishwa kwenye kiti, nasi tukapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, unapandishwa lori la kwenda kizuizini. Hakuna aliyejua ni nani aliyekuwa ndani ya lile gunia, huenda ni mtu tuliyekula naye jana yake. Baba alipopita, gunia lilitikisika. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika koti lake, nikaisikia ile harufu. Koti likatoka mkononi mwangu, na baba sikumwona tena mpaka nikiwa msichana mkubwa.

Tukabaki mimi na mama. Mama alikuwa na ndugu mmoja tu, mjomba wangu Njoroge, na huyo alikuwa ameingia msituni na wale waliokuwa wakipigana. Mama alikuwa akimwachia unga. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyesimamishwa njiani nikijifanya naokota kuni, huku yeye akisukuma kifuko chini ya jiwe karibu na birika la kunyweshea ng'ombe. Hakuniambia unga ni wa nani. Alinitazama tu akasema, "Hujaona kitu." Nikasema, "Sijaona." Aliyekamatwa akiwalisha watu wa msituni alinyongwa, hilo hata sisi watoto tulilijua. Tulilifanya mchezo wetu pale laini: mmoja anajifunika kikapu awe mtu wa gunia, wengine tunapita. Mama alitukuta tukicheza hivyo akatuchapa wote, na wa jirani pia, na hakuna mzazi aliyekuja kuuliza.

Msimu huohuo wokovu ukaingia laini. Aliyeuleta ni Penina, mwanamke wa makamo ambaye zamani alikuwa akifanya kazi jikoni kwa memsahib, mke wa mzungu, na sasa alikuwa kwenye bustani yake ya mboga. Siku aliyookoka alichimbua kijiko alichokuwa amekificha chini ya jiwe la kusagia, kijiko chenyewe kimepinda mpini, akatembea nacho mchana kweupe hadi nyumba kubwa, akasema alikiiba. Memsahib hakujua hata kama kijiko kilipotea. Hata hivyo alimwondoa kwenye bustani ya mboga akampeleka kuchuma pareto, kazi ya mgongo. Penina akarudi laini anaimba. Watu walimcheka sana. "Penina," jirani mmoja akamwambia, "na ile chumvi ya memsahib uliyokuwa ukitugawia, tuitapike?" Penina akamjibu, "Wewe uliyeila utajua mwenyewe na Mungu wako." Mama naye alicheka na wenzake. Lakini baada ya hapo nilianza kumwona ameketi na Penina jioni, wanasema kwa sauti ya chini, na jioni moja akarudi nyumbani macho yamevimba, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mama yangu alikuwa ameokoka.

Mtoto mwingine angefurahi. Mimi niliogopa, na niliogopa kwa hesabu. Watu wa wokovu hawakuwa na siri. Walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, maana yake ni kusimama mbele ya wenzako na kutaja dhambi yako kwa jina lake, bila kuifunika. Nikawaza: ikiwa Mungu amemsemesha Penina habari ya kijiko, mama je, Mungu atamsemesha nini? Nilianza kumchunga. Akienda kisimani naenda, akiketi na Penina naketi katikati yao. Mama aliniambia, "Wangari, unanifuata kama ndama. Una nini?" Nikasema sina kitu.

Kisha ukaja mkutano mkubwa wa wokovu karibu na mji wa Nakuru, wa siku kadhaa, watu kutoka mashamba yote ya bonde. Mzungu wetu alitoa ruhusa bila shida, kwa sababu aliamini mtu aliyeokoka hali kiapo cha watu wa msituni. Tulipandishwa lori la shamba juu ya mahindi, tukashushwa kwenye uwanja wa misheni, nikaona mahali tutakapokaa. Hawakuwa na hema la watu wengi namna ile, kwa hiyo walikuwa wameshona magunia kwa magunia wakayatandaza juu ya miti, na usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Niliingia chini yake na ile harufu ikanishukia. Mama akanivuta mkono, mimi nimesimama kama punda. "Ingia, watu wanapita." Pembeni, wameegemea nguzo, walikuwepo homgadi, wale askari wenyeji wa serikali, na bunduki zao, wanatafuna miwa. Hao walikuja kusikiliza, si kuokoka.

Chakula kilikuwa kizuri, hilo lazima niliseme. Mahindi na maharagwe yalichemshwa kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, tukala tukashiba, watu wa makabila ambayo nje walikuwa hawasalimiani wakala sahani moja. Lakini mimi nilikuwa nikiangalia ushuhuda. Mtu anasimama, anasema "Bwana asifiwe," watu wanaitikia, anataja dhambi yake. Akimaliza, mtu yeyote aliyeguswa anaanzisha pambio, na mkutano mzima unalidaka. Kuna mwanamume alisimama akaanza kueleza habari ya mke wa jirani yake, akaenda, akaenda, mpaka akakaribia kumtaja jina, na huyo jirani ameketi palepale. Mzee Eliudi, aliyekuwa akiongoza mkutano, akatoa pambio kwa nguvu. Watu wakaimba, wakapiga makofi, yule mwanamume akafungua mdomo, akafunga, akaketi. Hakuna aliyemzuia mtu yeyote, ni wimbo tu. Penina aliyekuwa kando yetu akainama akamnong'oneza mama, "Eliudi ameokoa ndoa mbili kwa mkupuo." Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nililiweka jambo hilo moyoni kama mtu anayeweka kisu.

Siku ya mwisho, alasiri, mama alisimama. Hakuniambia. Nilihisi tu kanga yake ikiteleza kwenye goti langu, nikainua macho, yuko juu. "Bwana asifiwe." Watu wakaitikia. "Mimi naitwa Miriamu, natoka mashamba ya Rongai. Nina mzigo, na sitaki kurudi nao nyumbani." Nikamtazama homgadi aliyekuwa kwenye nguzo ya karibu. Aliacha kutafuna. Na hapo ndipo nilipoomba ombi langu la kwanza, lile ambalo sikufundishwa na mtu. Nilisema, Mungu, mfunge mama mdomo. Mama akasema, "Ndugu yangu wa tumbo moja," na Mungu nikaona anachelewa. Nikaimba.

Niliimba peke yangu, kwa sauti nyembamba iliyokuwa ikitetemeka, pambio nililoliokota tangu siku ya kwanza. Watu waligeuka. Mama akanitazama, na mpaka leo sijaona tena uso kama ule, wa mtu aliyenyang'anywa maji yakiwa yamefika mdomoni. Sikunyamaza. Penina akalidaka, wanawake wa nyuma wakalidaka, kisha magunia yote juu yetu yakaanza kutikisika kwa sauti. Lilipokwisha nikalianza upya, maana mama alikuwa bado amesimama. Mzee Eliudi akaja akiwapita watu, machozi yanamtiririka, akaniinua. "Mtoto, Bwana amekuita?" Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa lolote ili mambo yaishe. Wakaniwekea mikono kichwani, wakaomba, na mama akaketi taratibu, kanga imefunika mdomo.

Hayakuisha. Watu walipotawanyika kwenda kufunga mizigo, yule homgadi alikuja. "Mama, ulikuwa unasema nini habari ya ndugu yako?" Nilijua mama hasemi uongo tena. Mama alikunja blanketi mpaka pembe zikakutana, ndipo akamjibu, "Nilichotaka kusema nimemwambia Mungu wakati mnaimba. Wewe ukitaka kukisikia, okoka kwanza."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akaongeza, "Na uanze na muwa huo, tueleze ni wa shamba la nani." Homgadi akacheka naye, lakini vibaya, akatema makapi karibu na mguu wa mama. "Wokovu wenu ni mdomo tu," akasema, akaenda zake.

Kwenye lori mama hakunisemesha mpaka tulipoanza kuona miti ya milingoti ya shamba letu. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Leo umesema mbele ya watu kwamba Bwana amekuita. Sasa utaishi hivyo. Mungu si mtu wa kuchezewa." Basi, nikaishi hivyo. Nilikuwa mtoto aliyehesabiwa ameokoka, na sikuweza kumwambia mtu kwa nini niliimba. Kila jioni nilipiga magoti nikamwomba Mungu jinsi watu walivyomwomba nyapara: usimwambie mtu, usimlete mtu wa gunia, usituangalie sana. Majuma yakapita, hakuna aliyekuja. Siku moja kwenye pareto nilimwuliza Penina kama Mungu anapokea wimbo wa mtu anayeogopa tu. Hakuniuliza naogopa nini. Alisema, "Alipokea kijiko changu, na kilikuwa kimepinda. Chuma maua, nyapara anakuja." Nikachuma. Lakini jioni ile nilipopiga magoti nilimwambia Mungu ukweli, kwamba sikuitwa, niliogopa, na kama bado ananitaka mimi nipo. Hakuna sauti niliyosikia. Nililala usingizi, jambo ambalo lilikuwa limenipotea. Mimi wokovu wangu nauhesabu tangu jioni hiyo, si chini ya magunia.

Mjomba Njoroge hakurudi. Hata mahali alipozikwa hatupajui. Miaka mingi baadaye, uhuru umepatikana, baba amerudi na amekufa, mama akiwa mzee ninamwosha miguu, nilimwambia: mama, siku ile ningekuacha useme habari ya unga, wangekunyonga. Akanishangaa. "Unga? Unga ningeutubia kwa nini? Nilimlisha ndugu yangu." Mguu wake ulikuwa bado mkononi mwangu kwenye karai. Kisha akaniambia kwamba jioni moja ya mvua, kabla hajaokoka, mjomba alikuja mpaka mlangoni. Aligonga, akamwita kwa jina la utotoni. Mimi nilikuwa nimelala. Mama alikaa ndani kimya, mkono juu ya mdomo, mpaka aliposikia nyayo zikiondoka kwenye matope. Hilo ndilo alilotaka kulitua Nakuru.

Mniulize kama najuta. Sijuti, na sikumwomba mama msamaha, naye hakuudai. Mlango ama unga, homgadi asingechagua; lolote lingemwambia kwamba ndugu ya mama yuko msituni. Nilikuwa na mama mpaka wajukuu wake wakamjua, na mzigo wake aliubeba. Vyote viwili ni kweli na sijui kuvipatanisha.

Siku hizi naishi mtaa wa Free Area, hapa Nakuru, na wajukuu wangu wanaenda mikutano ya vijana yenye vipaza sauti na viti vya plastiki. Magunia nayo ni ya plastiki, hayana harufu. Ushuhuda wao mwingi ni wa kupata kazi, kupata gari, kupata mchumba, na watu wanapiga makofi. Siwalaumu. Hawajawahi kusimama mahali ambapo neno moja linaweza kumpandisha mtu lori, na hicho ndicho nilichowaombea. Ila Jumapili kanisani, mwanamke wa watu akisimama na kuanza, "Ndugu yangu wa tumbo moja," mimi hutazama kwanza nguzo za pembeni. Hakuna mtu. Pambio linakuwa limeshanifika kooni, nalimeza, namwacha aseme mpaka mwisho.