Shemeji Alivyotuingiza Wizarani

Nilikuwa nimekaa ukumbini, safu ya nyuma, nikamsikia shemeji yangu akisema kwenye kipaza sauti:

"Nafasi tumetangaza mpaka tumechoka. Waandishi wa programu hawataki kazi za serikali. Wizara haina hata mmoja."

Nikamtazama Kobe, mwandishi mwenzangu wa programu. Kobe akamtazama Mama Pacha.

Sasa sisi tulikuwa nani? Majini?

Ngoja niwasimulie.

Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye bosi wa kompyuta wizarani. Siku moja alikuja kwangu na dada, akanibembeleza kama anayeposa.

"Shemeji, kampuni binafsi zinatumalizia vijana wote. Wajawazito wanapanga foleni kliniki tangu alfajiri, hakuna wa kututengenezea mfumo wa miadi. Njoo na wenzako."

Dada akadakia, "Mdogo wangu, usituangushe."

Nikaingia mzimamzima. Nikaacha kazi, nikawavuta wenzangu wawili. Mama Pacha alisita, analea watoto peke yake. Nikamwambia, "Huyu ni ndugu, bwana. Niamini mimi."

Tukapewa chumba kilichokuwa stoo, viti vibovu vimerundikwa kwenye kona. Nikiulizia ajira, jibu ni lile lile: "Iko kwenye mchakato, shemeji." Tukaishi kwa posho ya vibarua.

Lakini kazi tulipiga! Siku ya majaribio, mama mmoja mjamzito alipata miadi kwa simu yake ya vitufe, akacheka peke yake pale kwenye benchi. Kobe, mtu asiyeongea, alitoka nje kufuta macho.

Mfumo huo ndio uliokuwa unazinduliwa siku ile ukumbini.

Shemeji akaendelea, "Ikabidi tununue kwa kampuni ya nje. Namkaribisha mkurugenzi wake."

Akapanda dada yangu.

Dada! Wa tumbo moja! Aliyenibeba mgongoni! Katambulishwa kwa jina la ukoo wetu, hakuna aliyejua ni mkewe.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa. "Dada, umeniuza?"

Hata hakushtuka. "Usikuze mambo. Tutakufikiria kwenye kampuni."

Tutakufikiria!

Nikapeleka malalamiko wizarani. Wakaniuliza, "Uliajiriwa lini?" Sikuwa na hata barua moja ya kuonyesha. Kwa wizara, sikuwahi kukanyaga pale.

Kobe alipata kazi mapema. Mama Pacha alihangaika sana. Nilipokwenda kumwomba radhi, alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Hao mimi siwajui," akasema. "Nilikuamini wewe."

Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto.

Wenzangu wa programu, serikali inawahitaji kweli, na wale akina mama kwenye foleni wapo. Nendeni. Lakini usiandike hata mstari mmoja kabla ya mkataba kusainiwa, hata kama anayekuita mlilala naye kitanda kimoja utotoni. Na usimdhamini mtu kwa riziki ya mwenzako.

Dada bado hunipigia simu. Naiacha iite mpaka ichoke.