Mplamu wa Getini kwa Bibi Kiwa

Kirikuu cha Nishio, kigari chake cha mizigo, kilipanda bonde polepole, miche ikitikisika nyuma. Hakuwahi kufika huku, na kila nyumba aliyotaka kuulizia njia aliikuta imepigiliwa mbao madirishani. Barabara ilipokwisha ndipo akaona moshi, na bibi mmoja amesimama getini.

"Wewe ndiye fundi wa bustani? Nilidhani wataniletea mtu mzima," alisema. "Haya, mgonjwa huyu hapa."

Mgonjwa alikuwa mplamu. Mume wa Bibi Kiwa aliupanda mwaka waliooana, na miaka yote bibi alisindika matunda yake kwa chumvi. Watoto walikulia achari hiyo hadi wakaenda zao Osaka. Mume aliila hadi aliposhindwa kumeza. Bibi alitaka jambo moja tu, mti usimtangulie.

Nishio akauzunguka. Upande wa nyumba ulikuwa na majani machache, kingo zimeungua. Upande wa geti ulikuwa mkavu kabisa. Alipokwangua gome alikuta kahawia tupu. Hakuona mdudu wala uyoga. Akachota udongo karibu na geti, akaulamba, akatema.

Juu ya nguzo ya geti palikuwa na mtungi. Hakuhitaji kuufunua. Hata kwao mtu akitoka mazikoni hujirushia chumvi kabla ya kuingia ndani, kifo kisimfuate. Ila kwao hurusha chembe tu.

Bibi alimsimulia mwenyewe, akimimina chai. Kijiji kilikuwa kimekwisha kwa kuzikana. Alizika wakwe, akazika mume, kisha jirani baada ya jirani, na kwa kuogopa kuwaletea wanawe mkosi alirusha kwa viganja, mbele na nyuma, palepale chini ya mti.

Nishio angeweza kusema ni uzee tu, apande mche mpya, aondoke. Lakini mche nao ungekufa.

"Bibi, ni chumvi," alisema. "Imejaa kwenye udongo. Mizizi haiwezi tena kunywa maji. Mche utaishi tukibadilisha udongo, ila huu hauponi."

Bibi aliutazama mtungi. "Kwa hiyo nimeuua mimi."

"Hukujua, bibi."

"Kusindika najua, fundi. Sasa nimesindika mti mzima." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia.

Kabla ya kushika msumeno Nishio alimimina pombe ya mchele shinani, akainama kuuaga mti. Bibi hakutoka nje kuangalia. Mti ukalala, kisiki kikang'oka, na udongo wa zamani ukaondolewa wote. Alikuwa bado shimoni, anamwaga udongo mpya, bibi alipotokea amevaa nguo nyeusi. Otsune wa nyumba ya chini, aliyekuwa amelazwa mjini muda mrefu, alikuwa anazikwa siku hiyo.

Nishio akamwomba, kwa upole, akirudi arushe chumvi barabarani.

"Usiuhofie mche wako," bibi alisema. "Baada ya Otsune hakuna wa kuzikwa huku ila mimi. Na mimi nikienda sirudi kujirushia."

Nishio akatoka shimoni, akageuka kwenda kuchukua mche.

"Ila leo usiupande kwanza. Nimezoea kusimama hapo. Nikirudi nirushe mara hii moja, kisha uchote udongo huo ukautupe."

"Nitasubiri, bibi."

Akateremka barabarani bila kuangalia nyuma. Nishio akaketi ukingoni mwa shimo, mche ukiwa bado garini.