Jina Kamili la Smaranda

Siku hizi mtu akinitajia neno "maombi" namuuliza kwanza: maombi yapi, ya serikalini au ya kanisani? Watu wananicheka. "Wewe Profira, uzee umeanza kukuchezea." Nawaambia shauri yenu, chekeni. Angekuwepo mtu wa kuuliza swali hilo mwaka ule, hapa hapa kijijini Valea Cornului, leo Aglaia asingekuwa anapika ugali wa mtu mmoja.

Aglaia Buzatu ni jirani yangu. Kati ya ua wake na wangu kuna uzio wa fito ambao kuku hawautambui kabisa. Mimi nina duka karibu na kisima, nauza mkate, viberiti, samaki wa chumvi, na umbea natoa bure. Yeye ujana wake aliumalizia kwenye zizi la ng'ombe la ushirika, enzi zile, akikamua kabla jua halijachomoza. Ushirika ukafa, ng'ombe wakagawanywa, akabaki na vidole vilivyovimba viungo. Mumewe Toader alikuwa mtu mpole, mlevi wa Jumapili tu. Mtoto hawakujaliwa. Toader alipofariki nikajua Aglaia naye atakaa dirishani angoje zamu yake, maana wajane wa huku ndivyo wanavyofanya. Thubutu! Alipanda basi akaenda mjini, akasoma mafunzo yao, akarudi na cheti cha mama mlezi, wale wanaokabidhiwa na ofisi ya ustawi watoto wasio na wa kuwalea.

"Dada Aglaia," nikamwambia, "umechoka kulala usingizi wako?"

"Nimechoka kuulala peke yangu," akanijibu, akaenda zake kulisha mabata bukini.

Alilea kwanza wavulana wawili. Wakakua, wakaenda Italia kuchuma nyanya, wanapiga simu Krismasi. Ndipo akaletewa Smaranda. Kitoto kidogo, macho makubwa, hakisemi neno. Bubu hakuwa, alikuwa hajaona sababu ya kusema. Akipewa mkate anakula nusu, nusu anaificha chini ya mto. Mimi ningemgombeza, sisemi uongo, mkate huvutia panya. Aglaia hakumgombeza. Kila jioni akawa anamwekea yeye mwenyewe kipande chini ya mto, tena kikubwa, mpaka siku moja mtoto akautazama ule mkate akasema, "Tosha." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Aglaia alikuja mbio dukani na aproni yake, analia na kucheka, nikadhani nyumba inaungua.

Halafu likaja gulio la sikukuu ya Mtakatifu Ilie. Katikati ya wauza farasi na wauza ndoo, mtoto akapotea. Polisi walimkuta amejibanza nyuma ya gari la matikiti. "Wewe nani?" wakamuuliza. "Mimi." "Mimi nani?" "Mimi wa Mama." Basi, nendeni mkamtafute huyo Mama katika gulio zima! Walizunguka naye mchana kutwa. Aglaia alipompata, sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita.

Tangu hapo ikawa ndiyo sala yao ya asubuhi. Aglaia anamsuka nywele huku anamuuliza, "Wewe nani?" Na mtoto anajibu bila kupumua: "Smaranda Tofan, Valea Cornului, lango la buluu." Maana lango la Aglaia ni la buluu, Toader ndiye aliyelipaka. Mimi nami nikawa namchokoza akija dukani. "Hebu simama hapo, wewe nani?" Anasimama wima, anatamka yote, namtupia peremende. Akajifunza hata kuyaandika, ila herufi ya S alikuwa anaigeuza, inatazama nyuma.

Miaka ikaenda. Siku moja ya matope gari la ofisi ya ustawi likanasa mbele ya duka langu, akashuka binti mmoja, Bi Lavinia, viatu mkononi. Si mtu mbaya. Nilitamani angekuwa mbaya, ningejua pa kumtukania. Alikaa jikoni kwa Aglaia, akakubali chai, akasema alichotumwa.

"Mama Aglaia, umri wako umepita. Cheti hakiongezwi."

"Umepita wapi? Mimi si huyu hapa? Nakamua mbuzi, napasua kuni."

"Najua, mama. Ni sheria."

"Na mtoto?"

Bi Lavinia akazungusha kikombe. Familia nyingine ya kumpokea hawana. Smaranda atapelekwa makao ya watoto, kule ng'ambo ya milima. Aglaia akakaa chini kwenye kigoda. Mimi ndiye niliyesema, na niliyoyasema hayafai kuandikwa.

"Kuna njia moja," Bi Lavinia akasema alipopata nafasi. "Kamati inaweza kumruhusu abaki kama kijiji chenyewe kitaomba. Maombi ya wananchi, kwa maandishi, na sahihi zao. Mkiyaleta kabla kamati haijakaa."

Basi tukashika hapo hapo. Mwalimu wa shule, anayekuja na basi na kuondoka na basi, akapiga chapa maneno ya juu, yakapendeza kweli: sisi wakazi wa Valea Cornului tunaomba mtoto Smaranda abaki kwa mlezi wake. Nikasema karatasi ziwekwe dukani kwangu.

"Dukani kwako watu wanadaiwa," Aglaia akasema. "Wakiona karatasi mezani wanageuzia njiani. Kanisani wanakuja wote."

Ilikuwa kweli. Na mimi na Padri Neculai tulikuwa hatuongei, tangu atundike kipaza sauti cha kanisa kikitazama dirisha la chumba changu. Kwa hiyo Jumapili ile sikuwepo. Yaliyotokea nilisimuliwa, na nikisimuliwa hata leo nafunika uso.

Padri alitangaza hivi: "Wapendwa, pale mezani penye mishumaa kuna karatasi za maombi kwa ajili ya mtoto Smaranda. Anayempenda mtoto huyu asitoke bila kuandika."

Ndiyo hivyo tu. Sasa, huku kwetu karatasi iliyo mezani penye mishumaa ni kitu kimoja, tangu enzi za bibi za bibi zetu. Unaandika majina ya watu wako, walio hai upande huu, marehemu upande ule chini ya msalaba unaouchora, na padri anayasoma mbele ya madhabahu. Unaandika jina la ubatizo peke yake. La ukoo haliandikwi, kwani Mungu hajui ni Maria yupi? Namba ya kitambulisho nani atamwandikia Mungu? Yale maneno ya juu hakuna aliyejisumbua kuyasoma.

Wakaandika, jamani. Waliandika kwa moyo wote. Kijiji kizima kilipanga foleni, wazee na fimbo zao, waliokuja na waliobebwa. Hata Catinca, ambaye hajampa Aglaia salamu tangu mabata yamlie kabichi zake, akaandika nyumba yake yote na mama yake aliyezikwa. Walitaka mtoto aombewe na walio wengi, wa duniani na wa mbinguni. Na Smaranda mwenyewe akajipenyeza katikati ya sketi za wanawake, akaomba kalamu, akaandika chini kabisa.

Aglaia alizipokea zile karatasi akaziona zimejaa pande zote, na hakuona ubaya wowote. Angeuona wapi? Naye ndivyo alivyoandika maisha yake yote. Alikuja kwangu amezifunga kwenye kitambaa kile cha kufunikia mkate wa Pasaka.

"Profira, zimejaa! Mpaka Catinca!"

"Hebu nione."

"Nenda huko, mikono yako inanuka samaki. Utanichafulia."

Nikacheka. Kweli ilikuwa inanuka.

Mjini tulikwenda wote wawili, asubuhi ya siku ambayo kamati ingekaa, maana Aglaia alitaka Jumapili mbili zipite ili hata wagonjwa wapate kuandika. Alivaa leso yake nyeusi mpya. Bi Lavinia akatupokea vizuri, akafungua kitambaa, akaanza kusoma. Nikamwona anageuza karatasi ya kwanza, anairudia. Akageuza ya pili.

"Mama Aglaia, hawa ni akina nani? Gheorghe, Maria, Ileana, Vasile, Maria, Maria..."

"Ni sisi," Aglaia akasema. "Kijiji."

"Majina ya ukoo yako wapi? Sahihi ziko wapi? Na huku kwenye msalaba?"

"Huko ni marehemu."

Bi Lavinia akaweka mkono mdomoni. Mimi nikaruka nikaziangalia zile karatasi juu ya bega lake. Nilielewa papo hapo. Aglaia hakuelewa. Alikuwa anatutazama, mara yeye mara mimi, kama mtu aliyeingia watu wanapogombana.

"Kuna mmoja tu aliyeandika inavyotakiwa," Bi Lavinia akasema, kidole chini ya karatasi ya mwisho. "Jina, la ukoo, kijiji, hata nyumba. Huyu ni nani?"

Ile S ilikuwa imegeuka, inatazama nyuma.

"Ni yeye," nikamwambia. "Ni mtoto mwenyewe."

"Mtoto hahesabiwi," akasema.

Hapo nikapandwa. "We binti! Kijiji kizima kimemwandikia huyu mtoto, mpaka waliokufa wameamshwa, na wewe unatafuta namba? Tupe siku, tunarudi tunaandika upya!"

"Kamati inakaa sasa hivi, mama. Wanaingia."

"Si uwaambie!"

"Nitawaambia."

Akazichukua, akaingia nazo. Tulikaa kwenye benchi kwenye korido. Aglaia akaniuliza polepole, "Profira, kwani tumekosea wapi?" Nikajaribu kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Lakini wote wanamtaka." Nikasema ndiyo, wote wanamtaka. Bi Lavinia alipotoka hakuhitaji kufungua mdomo. Karatasi alizoturudishia zilikuwa zimegongwa mhuri: si maombi halali.

Walikuja kumchukua wiki hiyo hiyo. Aglaia alikuwa amefunga nguo zake zote, na juu ya nguo kipande cha mkate. Smaranda alidhani anakwenda kutembea. "Narudi kabla bata hawajaangua?" akauliza. Mimi, mwenye mdomo wangu huu, sikumjibu.

Pale langoni Aglaia akachuchumaa, akamshika mabega. "Wewe nani?"

"Smaranda Tofan, Valea Cornului, lango la buluu."

"Tena."

Akasema tena. Gari likaondoka naye akiwa bado anasema, tunamwona midomo nyuma ya kioo. Nilikwenda nyuma ya duka nikapiga teke debe la taka mpaka likabonyea. Nilijisikia mjinga. Hakuna nilichoweza kufanya kingine.

Padri Neculai alikuja kwa Aglaia jioni, kofia mkononi, hajui aanzie wapi. Aglaia akampa zile karatasi.

"Zisome basi, Baba. Si ndivyo zilivyoandikwa?"

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, kipaza sauti na ugomvi wetu nikaviacha nyumbani. Padri akasimama mbele ya madhabahu akasoma zote, na ule mhuri mwekundu juu yake. Gheorghe, Maria, Ileana. Wanawake wanaitikia, "Bwana, hurumia." Akasoma wa kwenye msalaba, Toader akiwemo. Akafika mwisho.

"Smaranda," akasema.

"Jina kamili, Baba."

Kanisa zima likageuka. Aglaia hajawahi kupaza sauti mule ndani.

"Mama Aglaia," padri akasema taratibu, "mbele ya Mungu jina moja linatosha."

"Hilo ndilo lililotuponza. Jina kamili. Na kijiji, na lango."

Padri akairudia karatasi. "Smaranda Tofan," akasoma, "Valea Cornului, lango la buluu." Catinca akaanza kuitikia, nasi wote tukafuata.

Tumeandika tena tangu hapo, majina kamili, namba, sahihi, dukani kwangu. Walitujibu kwamba suala limeshafungwa. Bi Lavinia alihamishwa, na makao yale hatupewi anwani yake, eti sisi si ndugu.

Kila mwaka matope yakikauka namwona Aglaia na kopo la rangi na burashi pale langoni, vidole vyake vile, anapaka. Mwaka huu nilimwambia, "Dada, pumzika, rangi ya mwaka jana bado nzuri."

"Imefifia upande wa barabarani," akasema bila kugeuka. "Mtoto atawaambia lango la buluu. Sasa wakija wakakuta jeupe, watamrudisha wapi?"

Nikaenda dukani nikaagiza kopo jingine.