Lukresia na Nyonga ya Mzee Shigela

Lukresia Masele aliingia masjala ya hospitali hapa Bariadi akiwa mfagiaji. Kusoma mafaili alijifundisha mwenyewe, na leo hakuna ugonjwa unaoingia kwenye kompyuta bila kupita mikononi mwake. Vijana wa siku hizi hubonyeza namba ya ugonjwa ya kwanza wanayoiona. Yeye husoma hadi mstari wa mwisho.

Jumatano ile alisoma faili la Mzee Shigela wa Ngulyati. Dakta Bryson, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, alikuwa ameandika: mfupa wa nyonga ya kulia umekufa, chanzo hakijulikani, huenda pombe. Kwa maneno hayo mzee angerudishwa kwenye vipimo vya miezi, na mfupa ungezidi kubomoka. Mabingwa wa mifupa wa Mwanza walikuwa wanapokea wagonjwa Ijumaa hiyo, lakini majeruhi tu.

Lakini maelezo ya picha ya eksirei yalitaja ufa wa zamani kwenye ukingo wa tundu la nyonga. Pombe haipasui mfupa. Lukresia akamfuata mzee kwenye benchi.

"Mwangaluka, guku," akamwamkia babu huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Mnataka damu tena?"

"Sitaki damu. Maksai unao wangapi?"

"Wanne."

"Yupi alikutupa?"

Mzee akatazama fimbo yake. "Nani kakwambia?"

"Nyonga yako."

"Ukiandika hilo, watanicheka mpaka Lalago. Nimefundisha maksai wa watu miaka arobaini!"

"Faili halisomwi mnadani, guku. Afadhali uitwe mlevi?"

"Mlevi? Mimi?" Mzee alipandwa na hasira, na hasira ikamfungua kinywa. Msimu wa juzi dume lake Meja lilipindua mkokoteni, nyonga ikachomoka. Alilala siku mbili kabla ya mwunga mifupa kuirudisha.

Lukresia hakuandika neno. Kuandika chanzo si kazi yake, na mpaka huo hajawahi kuuvuka. Alibeba faili hadi kwa daktari.

"Mama Lukresia, siku hizi daktari ni wewe?"

"Daktari ni wewe, baba. Ndiyo maana sijaandika. Kamuulize habari za Meja."

Bryson alikwenda, akainama, akauliza. Kisha akakata mstari wa zamani, akasaini pembeni, akaandika: mfupa umekufa kwa kukosa damu baada ya nyonga kuteguka. Hapo ndipo Lukresia alipoingiza kwenye kompyuta namba M87.2, mfupa uliokufa kutokana na jeraha la zamani. Fomu ya rufaa ikatumwa Mwanza, ikajibiwa siku hiyohiyo: aje Ijumaa.

Mzee akashika ukingo wa dirisha la masjala. "Na jina la dume umeliandika?"

"Mashine haina nafasi ya jina la ng'ombe, guku."

"Zamani mtu na ng'ombe wake waliandikwa pamoja."

Lukresia akavuta kadi ya karatasi, mojawapo ya zile ambazo wenzake wanataka zichomwe, akaandika kwa penseli: Meja.

"Mweusi," mzee akasema, "mwenye baka jeupe."

Akaongeza na hilo.