Macho ya Shangazi, Kope za Dada

Kaka yangu alimpiga shangazi yetu kwa mpini wa jembe, uani kwetu Bombambili, mchana kweupe. Asubuhi hiyo alikuwa amempa shikamoo.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba. Aliishi chumba cha uani, akikaanga maandazi ya kuuza. Shingo ilikuwa imemvimba, macho yamemtoka, mikono inatetemeka. Alikonda ingawa alikula kuliko sisi sote, na watoto wa jirani walimkimbia.

Dada yangu yeye alikuwa na shida ya kope. Aliuza mitumba sokoni, miaka ile marobota yalipoanza kumiminika mjini. Akiamka alikuwa mzima. Ikifika mchana kope zilimwangukia, akazishikilia kwa vidole ili amwone mteja. Jioni taya zilichoka kutafuna na sauti ikamtokea puani. Mumewe alidhani analewa. Alimzaba makofi mbele ya wateja, kisha akamleta kwetu na sanduku lake. "Mchukueni mlevi wenu," akamwambia mama.

Kaka alikuwa amepunguzwa kazi kwenye ushirika wa tumbaku, anashinda nyumbani na hasira zake. Ndiye aliyelisema wazi lile ambalo majirani walinong'ona: "Mmoja macho yamemtoka, mwingine yanajifumba. Shangazi kamnyang'anya."

Siku ile ya kipigo dada alipaliwa na uji. Ulimtokea puani, midomo ikabadilika rangi, tukahangaika naye mpaka akapumua. Kaka akatoka nje. Shangazi alikuwa anapuliza moto.

"Mrudishie macho yake."

"Mwanangu, hata mimi naumwa."

Pigo la kwanza lilimvunja mkono. Nilisikia mfupa ukikatika. Mama alimng'ang'ania kaka kiunoni, naye kaka akamsukuma ukutani, damu ikamtoka mama kichwani. Nikamlalia shangazi, na pigo la pili likanipata begani. Majirani waliingia na mawe. Mmoja aliwasha nyasi za paa la kile chumba, mafuta ya maandazi yakalipuka, uani kote kukawa moshi.

Dada alitambaa hadi mlangoni. Alitaka kupiga kelele, sauti haikuja. Akainua kope zake kwa vidole, akamkazia macho kaka, akitikisa kichwa kukataa. Kaka akaacha. Majirani walipoona ameacha, wakatawanyika.

Kesho yake tuliwapeleka shangazi na dada hospitali ya misheni, nyuma ya pikapu ya mahindi. Daktari alimfunga shangazi mkono, kisha akawatazama wagonjwa kwa zamu. Akamchoma dada sindano. Tulikaa tukimtazama, kope zikapanda taratibu mpaka macho yote mawili yakawa wazi. Dada akaomba ugali.

"Hawa ni ndugu?" daktari akauliza.

"Damu moja," mama akajibu.

"Basi hakuna aliyemroga mwenzake. Kinga ya mwili imegeuka, inaupiga mwili wenyewe. Kwa mama huyu imeshambulia tezi ya shingo, ndiyo maana macho yakatoka. Kwa binti inazuia misuli isipate amri ya mishipa ya fahamu. Wepesi wa kupatwa na mambo haya hutembea katika ukoo. Wengi hawataugua kamwe, na wanaougua hawaugui namna moja."

Nilimweleza kaka yote. Akaniuliza, "Kwa hiyo hata mimi?"

"Hata wewe. Hata mimi."

Alikaa chini palepale, akalia kwa sauti.

Shangazi hakurudi Bombambili. Alihamia Namtumbo kwa mwanawe, akanywa dawa za tezi, lakini mkono uliunga vibaya. Kaka alimfuata kuomba radhi. Shangazi aliitikia shikamoo yake, akampa kigoda, ila hakumpa chakula.

Dada alirudi sokoni na vidonge vyake, akifunga biashara adhuhuri ili apumzike. Mumewe alipokuja kumchukua, dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaokota buti la mtumba, akamtandika nalo usoni. Sisi tuliokuwepo hatukumshika dada mkono kumzuia.