Dirisha la Kwanza Nabuyoga

Ifahamike kwa walio hai, waliokufa na wanaolipa kodi, kwamba mbao za kwanza za dirisha katika Nabuyoga zilikuwa za mjane mmoja mkulima wa pamba, aliyezibeba kichwani kutoka Tororo na hakukubali kupokewa mzigo. Kila asubuhi, kabla hata ya kukamua ng'ombe, alizipangusa kwa upindo wa nguo, akazifungua taratibu ili bawaba zilie vya kutosha. "Huyu anaamsha mpaka kuku," jirani yake Amuge alinung'unika. Wapita njia walisimama kutazama, naye akajifanya hawaoni. Ndipo Serikali ikaamuru kila nyumba isiyo na dirisha ibomolewe, eti hewa ipite. Mkaguzi Omaido alipofika, mjane alikaza mshipi wa vazi lake la gomesi, akafungua ubao wa kushoto, kisha wa kulia. Nyuma ya mbao palikuwa na ukuta mzima, umekandikwa ukang'aa. Omaido aliugonga kwa kidole kama anayebisha hodi.

"Mama, sasa hewa itaingia wapi?"

Mjane akafuta alama ya kidole cha mkaguzi ukutani.

"Kwa mlango," akasema. "Kama wewe."